Chumba Kikavu cha Héritière

Agnès alikuwa msusi. Kila asubuhi alipanda teksi kutoka mtaa wao wa Bertrams, akashuka Joubert Park, akafungua mwavuli wake mkubwa kando ya njia. Alipanga vitana na nywele za bandia juu ya meza ndogo, kisha akaanza kuita wateja. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake haukuwa mzito pia. Mteja aliyekaa kwake aliondoka na kichwa kizuri pamoja na habari za mji mzima.

Mume wake, Théodore, alilinda ghala moja huko Midrand. Huyu alikuwa na upole uliopita kiasi. Wenzake walimtania kwamba mwizi akija, Théodore atamuuliza kwanza kama ameshakula. Wote wawili walitoka Bukavu, Kongo, na walikuwa wamekaa Johannesburg miaka mingi.

Walipanga nyumba ndogo ya uani, nyuma ya nyumba kubwa. Ilikuwa na chumba cha kulala, sebule yenye jiko pembeni, na bafu. Kuta zilikuwa za matofali ya saruji. Juu kulikuwa na mabati matupu. Mwenye nyumba alikuwa Mkenya aitwaye Mwaniki, mfanyakazi wa benki, aliyeishi Midrand na familia yake. Kila mwisho wa mwezi alimpigia Théodore simu na kuuliza kama kuna tatizo.

"Tuko bien, Papa Mwaniki," Théodore alijibu kila mara. "Tunashukuru Mungu."

Hawakuwa sawa hata kidogo. Mtoto wao wa pekee, Héritière, hakuwa akiishi nao.

Héritière alikuwa na pumu. Ilianza wakati wa baridi, alipokuwa na miaka mitatu. Alihema kwa shida, na kifua chake kikatoa mlio mwembamba. Kliniki walimpa pampu ya kuvuta dawa, na Agnès alimpa kama alivyoelekezwa. Lakini ndani ya chumba kile kifua hakikutulia. Baridi ya mwaka uliofuata ikawa mbaya zaidi, na wazazi wakawa watu wa kukimbilia hospitali.

Ndipo dada ya Théodore, Hélène, alipokuja kutoka Durban. Durban iko kando ya bahari na baridi yake ni ndogo. Hélène hakuwa na mtoto. Alimfunga Héritière shali shingoni, akasema, "Atakaa kwangu mpaka baridi iishe."

Huko Durban mtoto alipata nafuu upesi. Baridi ilipoisha walimrudisha Johannesburg, na Agnès akapika mpaka majirani wakajua. Kabla ya juma kuisha, kifua kikaanza tena. Ikabidi mtoto arudi kwa shangazi yake, na tangu hapo akakaa huko.

Hamu ya mtoto ilimkaa Agnès mwilini. Akisuka kichwa cha mtoto wa mtu mwingine, vidole vyenyewe vilipunguza nguvu. Akiona watoto wakicheza katika bustani ya Joubert Park, alijikuta anatafuta uso mmoja kati yao, ingawa alijua vizuri uso huo uko Durban. Nyumbani hakukunja godoro dogo. Kila Jumamosi alilitandika shuka safi, na kila Jumamosi alitoa shuka ambayo haikulaliwa na mtu.

Jumapili ilikuwa siku ya simu. Jumapili moja ya mwezi wa sita, Agnès alimuuliza mtoto amekula nini.

"Mama amepika samaki," Héritière akasema.

Mama huyo alikuwa Hélène. Mtoto hakusema kwa ubaya, alisema tu kile alichokizoea. Kisha akaongeza maneno mengi ya Kizulu, ya haraka, akacheka. Agnès alielewa machache. Alicheka pamoja naye hivyo hivyo, asije mtoto akajua.

Hélène akachukua simu. "Wifi," alisema, "mwaka ujao mtoto anaingia shule. Ninataka kumwandikisha huku. Lazima nijue mbele ya likizo ya mwezi wa saba kuisha."

"Nitaongea na kaka yako," Agnès akajibu.

Alijua maana yake. Mtoto akiandikishwa shule Durban, atabaki Durban. Atakuja Johannesburg kama mgeni, na mkoba wake mdogo, na atauliza choo kiko wapi.

Théodore alisikiliza habari hiyo huku anavua viatu.

"Mama Héritière," akasema, "huko anapumua."

"Najua anapumua."

"Basi tufanye nini? Hapa iko baridi mingi. Kama ni kuchagua awe mbali na awe mzima..." Hakumaliza. Alichukua viatu vyake akavipanga vizuri mlangoni, ingawa vilikuwa tayari vimepangwa.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na upepo mkali. Agnès alimwalika mteja wake mmoja aje kusukwa nyumbani. Mteja huyo aliitwa Samira, mwanamke wa Tanga, Tanzania. Alifanya kazi na kampuni ya mafundi iliyotia dari na hita katika nyumba za watu. Alikuwa mcheshi, na tabia yake moja ni kwamba hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kuangalia juu.

"Karibu, Dada Samira, ikala hapa," Agnès alisema, akamwekea kigoda karibu na ukuta wa chumba cha kulala. "Huku ndiko kuna joto."

Ndani kulikuwa na hita ya parafini, ile ya mafuta ya taa, ikiwaka katikati ya chumba. Juu yake Agnès alikuwa ameweka sufuria ya maji na majani ya mkaratusi. Maji yalichemka, na mvuke wenye harufu kali ukajaa chumba. Juu ya kamba kulikuwa na nguo mbichi. Nguo za nje ziliibwa mara kwa mara, kwa hiyo Agnès alizikausha ndani.

Samira alikaa, akasukwa, wakaongea. Mchana ulipofika alisimama kunyoosha miguu. Agnès akaona mgongo wa sweta yake una madoa meusi.

"Pardon, dada. Ni ule ukuta," Agnès alisema kwa aibu. "Ninaupangusa, unarudi. Ninaupangusa, unarudi."

Samira alisogeza kigoda, akatazama ukuta. Pembe ya juu na sehemu yote ya nyuma ya kitanda ilikuwa nyeusi kwa ukungu, ule unaoota juu ya mkate uliosahaulika. Alipitisha kidole, kikalowa.

"Hebu niambie, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?" akauliza.

"Mvua? Mbele ya Pasaka, nafikiri. Juu ya nini unauliza?"

"Kwa sababu ukuta wako unachuruzika maji."

Théodore alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Alitokea sebuleni, akasema, "Ni mabati, dada. Yanavuja."

"Yanavuja nini, shemeji, na hakuna wingu?"

Théodore akafikiri. "Basi maji yanapanda kutoka chini, kwenye udongo."

Samira akainama, akagusa ukuta karibu na sakafu. "Njoo uguse mwenyewe. Chini pakavu. Juu ndiko kumelowa. Maji yangetoka kwenye udongo, chini kungekuwa kubaya zaidi." Akasimama. "Nje kumekauka mpaka midomo yangu inapasuka. Maji haya hayakutoka nje, jamani. Yametoka humu ndani."

Agnès na Théodore walitazamana. Walitazama chumba chao kana kwamba kuna mtu mwingine amejificha ndani yake.

Samira alichukua mfuniko wa sufuria uliokuwa juu ya meza ya sebuleni. Ulikuwa wa baridi. Akaushika juu ya mvuke kidogo tu, kisha akaugeuza. Matone ya maji yalikuwa yamejaa.

"Mvuke ukikutana na kitu cha baridi, unageuka maji," alisema. "Mabati yenu ni ya baridi. Ukuta huu ni wa baridi. Kila mvuke unaopanda humu unaishia hapo. Mahali penye maji siku zote, ukungu unaota. Na ukungu huo ukipeperuka, mtu mwenye pumu anauvuta."

"Lakini sufuria ni moja tu," Théodore alisema.

"Si sufuria peke yake. Nguo zile zikikauka, maji yake yanakwenda wapi? Hewani. Mkipika bila mfuniko, hewani. Na parafini yenyewe ikiungua inatoa maji mengi, ila huyaoni. Tena inatoa moshi ambao kifua cha pumu hakiutaki kabisa." Akanyoosha kidole juu ya dirisha. "Na yale matundu kwenye ukuta, nani ameyaziba?"

Kulikuwa na tofali lenye matundu madogo ya kupitishia hewa. Yote yalikuwa yamejazwa vipande vya vitenge, vimeshindiliwa vizuri kabisa.

"Ni mimi," Théodore akasema. "Baridi ilikuwa inapita pale."

"Shemeji, umefanya kazi safi, lakini umeziba pua ya nyumba. Mvuke hauna pa kutokea. Na kuna hatari kubwa kuliko ukungu. Moto wowote unaowaka ndani, uwe wa parafini, gesi au makaa, unakula hewa. Chumba kikizibwa, unatoa hewa yenye sumu. Haina harufu na haina rangi. Watu wanalala na hawaamki."

Théodore alipanda juu ya kiti papo hapo, akaanza kuvuta vile vitambaa kimoja kimoja.

Agnès alikuwa bado anaitazama sufuria. "Mama yangu alitufukiza hivi hivi Bukavu," alisema. "Kifua kikibana, anachemsha mkaratusi. Tulikua wote."

"Nyumba yenu ya Bukavu ilikuwaje?"

"Ya mbao."

"Mbao zilikuwa zimebanana?"

"Zimebanana wapi? Ukilala unamwona jirani."

"Basi mvuke wenu ulikwenda kwa jirani," Samira akasema.

Agnès alicheka. Alicheka vizuri, kisha kicheko kikakatika. Alikaa kwenye kitanda, kitana kikiwa bado mkononi.

"Dada Samira," alisema polepole, "mtoto hayupo hapa. Lakini mimi niko nachemsha majani kila siku. Nilisema chumba kisafike, hewa iwe nzuri, ili siku akirudi kifua kisimshike. Kumbe mimi ndiye nalisha ule ukungu."

Machozi yalimtoka. Alikuwa amemwita mtoto wake kila jioni kwa sufuria ile, na sufuria ile ndiyo ilikuwa inamfungia mlango. Hakuna kitu kigumu kama kujua hivyo.

Samira alikaa kando yake. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama juu, lakini hakuna aliyecheka.

"Ulifanya kwa upendo," akasema. "Hakuna aliyekuambia. Pumu haitibiwi na mvuke. Dawa ni ile ya kliniki, na chumba kikavu chenye hewa. Chumba hiki kinaweza kukauka. Nimekausha vyumba vilivyo vibaya kuliko hiki."

Théodore alishuka kwenye kiti. "Tununue hita gani?" akauliza. "Kubwa?"

"Msinunue kitu kwanza. Joto linapanda juu, na juu kwenu kuna bati tu. Hata mkiweka hita ya kanisa zima, mtapasha moto ndege wa Bertrams. Kwanza zuieni joto lisitoke. Itiwe dari, na juu ya dari yatandikwe matandiko mazito ya kuhifadhi joto. Mlango uwekwe mpira chini. Ukungu uoshwe. Baada ya hapo hita ndogo ya umeme inatosha. Haiwaki moto, haitoi maji. Ila iwe na waya wake na swichi yake ya usalama."

"Dari ni kazi ya mwenye nyumba," Agnès alisema.

"Ndiyo. Mwambieni."

Théodore akatikisa kichwa. "Hapana. Ukianza kulalamika, mwenye nyumba anatafuta mpangaji mwingine. Sisi ni wageni katika nchi ya watu. Tutatolewa."

Agnès aliinua uso. Macho yalikuwa bado mekundu, lakini sauti ilikuwa imerudi.

"Papa Héritière," alisema, "unaogopa tutatolewa. Mtoto ameshatolewa."

Théodore alitoa simu mfukoni, akampa mkewe.

Agnès alimpigia Mwaniki. Alimsalimia, akamuuliza hali ya mama na watoto, kisha akasema yote bila kuzunguka. Ukuta una ukungu. Mtoto anaumwa kwa sababu ya chumba. Tafadhali aje aone kwa macho yake. Wakati wote huo Théodore alisimama karibu, akimwonyesha kwa mkono apunguze maneno. Agnès alimpa mgongo.

Mwaniki alikuja Jumamosi. Samira naye alikuja, kwa kuwa upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umebaki. Mwaniki aliingia chumbani, akashika kiuno.

"Hii ukuta imekuwa hivi tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa tatu sasa," Agnès alijibu.

"Na kila mwezi mimi huuliza. Baba Héritière ananiambia mko sawa." Akamgeukia Théodore. "Si ungesema tu?"

Théodore alikohoa, akatazama viatu vyake. "Haikuwa vizuri kukusumbua, Papa Mwaniki."

"Sasa umeninyamazia mpaka nyumba inaoza." Mwaniki hakusema kwa hasira kubwa. Alizunguka chumba, akagonga ukuta kwa kidole. "Sawa. Nitaleta rangi tupake juu. Na nina hita ya gesi, ile ya magurudumu yenye mtungi ndani. Hiyo itawapa joto kabisa."

Agnès alimtazama Samira. Samira akajibu kwa heshima.

"Ndugu Mwaniki, rangi juu ya ukungu itakaa kidogo, kisha ukungu utatokea tena. Na hita hiyo ya gesi inatoa mvuke kama parafini. Inataka hewa nyingi. Kwa chumba kidogo cha kulala, chenye mtoto wa pumu, haifai."

"Kwa hivyo nifanye aje?"

Samira akamweleza kama alivyowaeleza wenzake. Mwaniki alisikiliza, akauliza maswali ya mtu wa benki, yale ya kurudia mara mbili kwa maneno tofauti. Mwishowe akatazama godoro dogo lililotandikwa vizuri.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Durban," Agnès alisema. "Ameanza kumwita shangazi yake mama. Kizulu anasema vizuri. Kiswahili kinamtoka. Mimi nataka arudi nyumbani, Papa Mwaniki. Ni hilo tu."

Mwaniki mwenyewe alikuwa na watoto wawili huko Midrand. Walilala chumba cha pili kutoka kwake, na bado Kiswahili kilikuwa kinawatoka. Kwa kiasi fulani aliuelewa uchungu wa Agnès.

"Dari nitaweka," alisema. "Na fundi wa umeme aliyesajiliwa, awavutie waya wa hita na kutoa cheti chake. Hiyo ni nyumba yangu, ni juu yangu. Hita mtanunua nyinyi. Na kuosha ukuta, mtaosha nyinyi."

"Na kodi?" Théodore aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kodi tutaongea mwaka ukianza, kama kawaida. Na ukisikia shida, Baba Héritière, uniambie. Usinishukurie Mungu kabla sijajua tatizo."

Kazi ilianza juma lile lile. Kwanza Agnès na Théodore walifungua madirisha yote. Wakavaa glavu, wakafunga pua na mdomo kwa barakoa, wakasugua ukuta kwa maji ya sabuni mpaka saruji ikaonekana. Matambara waliyotumia waliyatupa. Godoro dogo lilikuwa limeota madoa kwa chini, nalo likatupwa. Agnès alilisindikiza kwa macho mpaka likatoka getini. Alikuwa amelitunza muda mrefu.

Mafundi wakaja. Wakatia dari ya mbao nyepesi, na juu yake wakatandika yale matandiko mazito. Wakaweka mpira chini ya mlango. Matofali ya matundu yakabaki wazi. Fundi wa umeme akavuta waya mpya kutoka nyumba kubwa, akafunga soketi moja ukutani.

"Hapa ni hita peke yake," alisema. "Usichomeke pasi hapa, wala birika, wala ile soketi ya matundu mengi."

Hita mpya ilikuwa bapa, imefungwa ukutani. Ilikuwa na kitufe cha kuchagua joto. Chumba kikishapata joto hilo, ilijizima yenyewe. Théodore hakuiamini. Alikaa mbele yake na kuingoja ijizime, na ilipojizima alimwita mkewe aje aone, kisha akangoja tena.

Samira aliwafundisha mambo ya kila siku. Sufuria zifunikwe wakati wa kupika. Nguo zikauke nje, kwa kuwa jua la baridi la Johannesburg ni kali na hewa yake ni kavu. Mchana madirisha yafunguliwe kidogo, mvuke utoke, kisha yafungwe kabla jua halijashuka. Kitanda kiachane na ukuta ili hewa ipite. Hita ya parafini itoke kabisa.

Agnès alifua siku ambazo alikuwa nyumbani. Alikaa uani na kigoda chake akilinda nguo zake, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, alisuka wateja hapo hapo. Théodore alisema sasa nyumba ina walinzi wawili.

Asubuhi moja Agnès aliamka, akaenda dirishani. Nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Kabla ya hapo, asubuhi kama hiyo kioo kilikuwa kikilia maji mpaka kwenye sakafu. Alipitisha kiganja juu ya kioo. Akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu.

Hakumwambia Théodore mara moja. Alikaa na kiganja chake kwanza.

Jumapili alimpigia Hélène. "Wifi," alisema, "nataka mtoto aje likizo hii."

"Kwenye baridi hiyo? Utaniulia mtoto."

"Chumba kimekauka. Nitakutumia picha."

Hélène aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine. "Na mimi nitabaki na nani, Agnès?"

Agnès alikuwa amewaza hamu yake mwenyewe tu, kama mtu mwenye njaa anayeona sahani moja. Sasa aliona ya mwenzake. "Tutakuja kila likizo," alisema mwishowe. "Na wewe utakuja. Wewe umenitunzia. Siwezi kusahau."

"Aje ajaribu," Hélène alisema. "Kifua kikilia, namchukua siku hiyo hiyo."

Théodore alikwenda Durban kumchukua. Waliporudi kwa basi, Agnès aliwangoja Park Station tangu mapema. Héritière alishuka, amekua, meno ya mbele yameng'oka. Alimtazama mama yake kwa haya.

"Kuyabanda," akasema. Kwa Kizulu, ni baridi.

"Ndiyo, ni baridi," Agnès alijibu. "Twende nyumbani."

Siku za mwanzo hazikuwa rahisi. Mtoto alilia akimtaka mama wa Durban. Aliomba samaki, akapewa, akasema si yule. Agnès alimfuta machozi na kumeza yake. Hakumkataza kumwita Hélène mama. Kila siku alimpa dawa kama kliniki ilivyosema, na pampu aliiweka mahali pa karibu. Kila mara mtoto alipohema, Agnès aliacha kazi na kusikiliza.

Baridi ilizidi. Upepo ulivuma kutoka kusini, na watu wa Joubert Park walivaa mablanketi njiani. Kifua cha Héritière hakikutoa ule mlio. Safari iliyopita kifua kilianza kabla ya juma kuisha; sasa juma zima likapita. La pili likapita. Agnès alimpeleka kliniki. Nesi alimsikiliza mtoto mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi, dawa iendelee. Agnès alimwomba amsikilize tena. Nesi akamsikiliza tena.

Likizo ilikuwa inaisha. Jumapili Hélène alipiga simu. Agnès alikuwa ameketi kitandani, amempakata mtoto, amemzungushia mikono yote miwili. Théodore alishika simu ili wote wasikie.

"Mtoto wangu," Hélène akasema, "unasikia baridi huko?"

Héritière alifikiri. Alitafuta maneno ya Kiswahili, moja baada ya jingine.

"Hapana. Nasikia joto," akasema. "Mama ananishika sana. Mwambie aniachilie kidogo."

Hélène alicheka. Kisha akasikiliza pumzi ya mtoto kwenye simu, na haikuwa na mlio.

"Wifi," akasema, "mwandikishe shule ya huko."

Agnès aliitika. Lakini mikono yake haikumwachilia mtoto.